Mabasi Kwanza, Magari Baadaye

Hivi karibuni tulisimama njia panda ya Nyololo, katika Wilaya ya Mufindi mkoani Iringa, tukingoja basi la kutuleta Dar es Salaam. Nyololo si mji mkubwa. Ni mahali ambapo barabara iendayo Igowole na kwenye mashamba ya chai inaachana na barabara kuu ya kwenda Mbeya, Tunduma na Zambia, na kwa sababu hiyo karibu kila kitu kinachosafiri upande wa kusini wa nchi yetu hupita mbele ya macho ya wakazi wake: malori ya shaba, malori ya mbao za Mufindi, matangi ya mafuta, na mabasi ya abiria yaliyoondoka Mbeya alfajiri. Asubuhi ile ukungu ulikuwa haujapanda bado. Karibu nasi aliketi bibi mmoja na mjukuu wake, wana nusu gunia la viazi na kuku wawili ndani ya kikapu. Alitusalimu kwa “kamwene” ya kwao, akatuambia kwamba anakwenda kumtazama mwanawe aliyejenga Tuangoma, Wilaya ya Temeke.

Basi lilifika kabla ya saa nne. Tulipita Mafinga na Iringa, tukateremka mlima Kitonga, tukavuka mbuga ya Mikumi kwa mwendo wa pole kama sheria inavyotaka, kisha Morogoro, Chalinze na Kibaha. Saa mbili usiku tulikuwa tumekwisha kushuka katika kituo kikuu cha Magufuli, Mbezi Luis. Kilomita zipatazo 600 tulizimaliza kwa saa kumi na dakika chache, kila mtu akiwa na kiti chake. Hatuna la kulalamika juu ya safari hiyo.

Kwa kuwa nasi tulikuwa tukielekea upande mmoja na bibi yule, tulimsindikiza. Kutoka Mbezi Luis hadi Tuangoma alipanda magari matatu, na la nne likawa pikipiki, yeye na mjukuu na viazi vyao. Katika gari la kwanza alisimama. Katika la pili alisimama tena, na kikapu cha kuku kikawa mikononi mwa kijana asiyemjua. La tatu lilikatiza safari kabla ya kufika mwisho wake, abiria wakateremshwa gizani, kondakta akasema gari linageuza. Alibisha hodi kwa mwanawe saa tano na nusu usiku. Yaani mwendo usiofika kilomita 45 ulimgharimu saa tatu na nusu, theluthi nzima ya muda uliomtoa Nyololo. Alipoketi alisema neno ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu: “Kumbe mwanangu hakujenga mjini. Amejenga njiani.”

Wasomaji wetu wa Visiwani huenda wakauliza Nyololo na Tuangoma zinawahusu nini. Twaamini zinawahusu sana. Kwanza, wengi wao huja Dar es Salaam kwa matibabu, kwa biashara na kwa kuwatazama jamaa zao, na wanajua jinsi ilivyo kuvuka bahari kwa muda wa saa mbili hivi, kisha kukaa katika barabara ya Bagamoyo jioni muda uleule, au zaidi, kabla ya kuufikia mlango wa ndugu yao Tegeta. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, maradhi yaliyoushika mji wa Dar es Salaam yameanza kuonekana Unguja, na mgonjwa wa Unguja bado ni kijana. Kwa hiyo maneno yetu ya leo yanawaelekea wakuu wa Serikali zote mbili.

Sensa ya mwaka 1967 iliukuta mji wa Dar es Salaam ukiwa na watu wapatao 273,000. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa huo una watu 5,383,728. Hapana mji wowote wa Afrika Mashariki uliokua namna hiyo ukabaki na sura yake ya zamani, wala hatuwalaumu waliohamia. Sisi wenyewe tu miongoni mwao. Lakini yafaa tutazame umekua kwa namna gani. Umenyooka kando ya barabara nne kuu, ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu ambayo sasa ni ya Nyerere, na ya Kilwa, mithili ya vidole vya mkono uliokunjuliwa, na kiganja chenyewe ni Kariakoo, Posta na bandari. Kazi, hospitali kubwa, maduka ya jumla na afisi zimebaki katika kiganja. Watu wamekwenda kulala katika ncha za vidole. Kila asubuhi watu huteremka na kila jioni hupanda, wote kwa saa zilezile, wote kwa njia zilezile nne. Mipango mikuu ya mji ilitungwa mwaka 1949, mwaka 1968 na mwaka 1979, na michoro yake ilikuwa mizuri. Ila mji haukuingoja michoro.

Waliokuwapo wanakumbuka kwamba zamani jambo hili halikuachwa lijiendee. Kampuni ya mabasi ya DMT, iliyokuwa mali ya wageni, ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 ikagawanywa: safari za mikoani zikapewa Kampuni ya Mabasi ya Taifa, yaani KAMATA, na safari za mjini zikapewa Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA. Kwa miaka michache UDA ilikuwa fahari. Mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, ambayo watu waliyabandika jina la kumbakumba, yalibeba wafanyakazi wa viwandani, wanafunzi na wachuuzi kwa nauli moja, na hapana aliyeulizwa kama yeye ni nani. Kisha yakaja mambo ambayo kila mmoja wetu anayajua: mafuta yakapanda bei, vita ya Kagera ikala fedha za kigeni, vipuri vikakosekana, na nauli ikazuiliwa isipande ilhali gharama zilipanda kila mwezi. Basi lililoharibika halikutengenezwa. Lilitolewa viungo ili jingine lipate kutembea. Tusiseme, kama wengine wanavyopenda kusema siku hizi, kwamba UDA ilikufa kwa sababu ilikuwa mali ya umma. Ilikufa kwa sababu ilitakiwa kutoa huduma bila ya kupewa fedha za kuitolea huduma hiyo, na shirika lolote la dunia hii, la umma au la mtu binafsi, lingekufa kwa ugonjwa huo.

Mwaka 1983 Serikali ilikubali kile ambacho tayari kilikuwa kikifanyika kwa kificho, ikaruhusu magari ya watu binafsi yachukue abiria mjini. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala. Ndipo lilipopatikana jina la daladala. Hatuna budi kuwa wakweli: bila ya daladala mji wa Dar es Salaam ungesimama. Magari hayo yamewapeleka watu kazini kwa zaidi ya miaka arobaini, na kijana anayening'inia mlangoni akiita abiria amefanya kazi ambayo shirika lenye afisi na makarani halikuweza kuifanya.

Hata hivyo utaratibu wenyewe una kasoro kubwa, na kasoro hiyo imo katika namna ya malipo. Mwenye gari hukaa kwake akingoja “hesabu”, yaani kiasi maalumu cha fedha ambacho dereva ni lazima amletee kila siku. Dereva akishatoa hesabu na mafuta, kinachobaki ndicho chake na kondakta wake. Kwa mpango kama huo hutazamii gari liondoke kituoni kabla halijajaa, wala lifike mwisho wa njia jioni ambapo huko mwisho hakuna abiria wa kurudi nao. Ndiyo maana bibi yetu aliteremshwa gizani. Hutazamii vilevile mwanafunzi, ambaye nauli yake ni ndogo, akaribishwe mlangoni saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wetu hupigana vikumbo wakiwa na sare za shule, na wasichana husimama vituoni hadi giza linaingia, na madhara yake wazazi wanayajua. Kumkemea dereva kila siku gazetini ni rahisi. Dereva naye ni mfanyakazi asiye na mkataba anayekimbizana na hesabu ya mtu mwingine.

Hapa tungependa kuwakumbusha wasomaji vijana jambo ambalo huenda wakadhani ni hadithi. Baada ya mafuta kupanda bei katika miaka ya 1970, Serikali ilipiga marufuku magari ya binafsi kutembea siku ya Jumapili baada ya saa nane mchana, isipokuwa kwa kibali. Polisi walisimama njia panda na saa zao mikononi, na wengi waliokuwa harusini au mazikoni walikatiza maneno wakakimbilia nyumbani kabla ya saa hiyo haijalia. Marufuku hayo yalidumu miaka kadhaa. Yalikuwa na usumbufu wake, wala hatuyataki yarudi. Lakini yalibeba fikra moja ambayo tangu hapo tumeipoteza, kwamba gari la mtu binafsi linalotembea katika barabara ya umma kwa mafuta yaliyonunuliwa kwa fedha za kigeni za Taifa si shauri la mwenye gari peke yake.

Lipo jambo la pili la miaka ile ambalo twaliona linafaa zaidi kutafakariwa, na tulilifikiri tukiwa palepale Nyololo. Katika Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 wakulima wa Iringa, kama wa mikoa mingine, waliambiwa waache makazi yaliyotawanyika mabondeni na vilimani, wakae pamoja kando ya barabara. Hoja ya Serikali ilikuwa kwamba watu waliotawanyika hawawezi kupelekewa shule, zahanati, maji wala gari. Utekelezaji wake mahali pengi ulikuwa wa nguvu, nyumba zilichomwa, na yako machungu ambayo hayajasahaulika hadi leo. Lakini hoja yenyewe haikuwa ya uongo. Ajabu ni kwamba hoja hiyo ilihubiriwa kwa mkulima mwenye jembe, kisha mjini ikasahauliwa kabisa. Mkulima wa Nyololo alilazimishwa asogee; mtumishi wa Serikali wa Dar es Salaam akapewa kiwanja mbali na mji, na kiwanja kikubwa, mahali ambapo hapakuwa na basi.

Hatusemi hivi kwa kubuni. Mwaka 2002 Serikali ilianzisha mradi wa viwanja 20,000 katika Dar es Salaam. Ulikuwa mradi mzuri kwa upande wa upimaji na hati, maana watu walikuwa wamechoshwa na kujenga ovyo na kubomolewa. Viwanja vilipimwa Bunju, Mbweni, Kibada, Gezaulole, Buyuni na kwingineko pembezoni, Tuangoma ikiwamo. Mpima ardhi aliweka mawe yake, akachora barabara za mitaa, akaacha nafasi ya shule na ya soko. Basi la kuwatoa watu hao asubuhi halikuwa kazi ya mpima ardhi, na kwa bahati mbaya halikuonekana kuwa kazi ya mtu mwingine yeyote. Ardhi ina wizara yake, barabara zina wakala wao, leseni za magari ya abiria zina mamlaka yake, na manispaa zina madiwani wao. Mwananchi aliyenunua kiwanja aliwazunguka wote hao, kisha akafanya analofanya kila mtu aliyeachwa peke yake: akakopa, akanunua gari lililotumika kutoka Japani.

Tufahamike vema. Hatuna chuki na mwenye gari, wala hatuungi mkono wale wanaomwita kila mwenye gari mbadhirifu. Mwalimu anayeamka saa kumi alfajiri Chanika ili awahi kipindi cha kwanza Upanga hakununua gari kwa anasa. Alilinunua kwa kuwa alichoka kuchanika mashati. Lakini gari hilo sasa linakula mshahara wake kwa mafuta, kwa vipuri, kwa bima na kwa maegesho, na kila jioni linasimama katika foleni pamoja na magari ya walimu wenzake, kila moja lina mtu mmoja ndani. Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Basi refu moja linaloweza kuchukua watu 150 huchukua urefu wa mita 18 za barabara. Watu haohao 150 wakikaa wawili wawili katika magari yao ni magari 75, na ukiyapanga pua kwa mkia yatafika zaidi ya mita 300, kabla hujayapa nafasi ya kupumua. Barabara ni ileile na watu ni walewale.

Serikali imejitahidi kujibu foleni kwa kujenga. Daraja la juu la Mfugale pale TAZARA lilifunguliwa mwaka 2018. Lile la Kijazi pale Ubungo lilifunguliwa mwaka 2021. Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kibaha imepanuliwa ikawa ya njia nane, na kwa ajili yake nyumba nyingi zilibomolewa mwaka 2017, nyingine za watu waliokuwa wameishi hapo miaka mingi. Kazi hizo ni za kujivunia kwa ufundi wake. Lakini kila anayepita anaona kwamba foleni iliyoondolewa Ubungo imekwenda kungoja mbele kidogo, na kwamba njia nane zikijaa zimejaa. Wamarekani walikwisha kulijaribu jambo hili kwa utajiri ambao sisi hatuna. Mji wa Los Angeles ulikuwa na reli za umeme zilizofika hadi miji ya kando. Ya mwisho iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, zikajengwa barabara pana mno, na tangu hapo mji huo umejulikana duniani kote kwa foleni zake. Tangu mwaka 1990 wamo katika kuzijenga upya reli walizoking'oa. Mji wa Curitiba, nchini Brazil, ulikuwa maskini zaidi, nao mwaka 1974 ukachagua njia nyingine, ukatenga barabara za mabasi peke yake. Bogotá, Kolombia, ikafuata mwaka 2000. Waafrika wenzetu wa Lagos wakaanza mwaka 2008.

Na Dar es Salaam nayo ikafuata, jambo ambalo twalisifu bila ya kigugumizi. Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, DART, ulianzishwa mwaka 2007. Mabasi yenyewe, ambayo wananchi huyaita mwendokasi, yakaanza kutembea mwezi Mei 2016 katika njia ya kilomita 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni, yenye matawi ya Morocco na Gerezani. Katika miezi ile ya kwanza mtu wa Kimara, aliyezoea kutumia saa mbili kufika Posta, alifika kwa dakika zisizozidi hamsini, na waliokuwa na magari tukawaona wakiyaacha nyumbani. Jambo hilo halipaswi kusahauliwa katika kelele za sasa. Lilithibitisha kwamba mwenye gari si mtu asiyesikia; ukimwekea basi linalofika kwa wakati atalipanda, suti yake na mkoba wake. Mwaka 2018 mji wetu ulipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri kwa ajili ya kazi hiyo.

Kisha mabasi yakapungua. Yale yaliyoletwa mwanzo yalizidiwa, mengine yakaharibika, na karakana yake ilikuwa imejengwa Jangwani, katika bonde la Msimbazi, mahali ambapo hata mtoto wa Magomeni angewaambia wahandisi kwamba maji hujaa. Maji yakajaa. Mabasi yakasimama ndani ya tope, huduma ikakatizwa si mara moja, na vituoni watu wakarundikana hadi kupita madirishani. Njia ya pili, ile ya Mbagala, ilikamilika kwa zege na vituo vyake vyote, ikakaa muda mrefu bila ya mabasi, huku wakazi wa Mbagala wakining'inia katika daladala kando ya barabara tupu iliyojengwa kwa ajili yao, hadi mwaka 2025. Tukio hilo twaliona ni somo kubwa kuliko mafuriko. Fedha ya zege ilipatikana, kwa kuwa zege huzinduliwa kwa kukata utepe. Fedha ya kununua mabasi, kuyatengeneza na kuwalipa madereva kila mwezi hupatikana kwa shida, maana hakuna utepe wa kukatwa basi linapobadilishiwa breki. Ndiyo hadithi ya UDA iliyorudi ikiwa imevaa nguo mpya.

Sasa tuwageukie ndugu zetu wa Visiwani. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 katika sensa ya 2012; miaka kumi baadaye wakawa 893,169. Mashamba ya minazi na mikarafuu yaliyokuwa yakianza mara tu ukitoka Ng'ambo sasa ni nyumba, mtaa baada ya mtaa, kuelekea Fuoni, Kiembesamaki, Mwera na Tunguu. Afisi na soko zingali mjini. Magari yaliyotumika yanateremshwa bandarini kila wiki. Kwa hiyo vidole vimeanza kunyooka, na kiganja ni kilekile. Mtu wa Fuoni aliyekuwa akifika Darajani kabla ya kumaliza mazungumzo yake sasa hukaa kwa muda wa kumaliza na kuanza mengine. Serikali ya Mapinduzi imekata shauri la kujenga madaraja ya juu pale Mwanakwerekwe na Amani. Hatusemi ni kosa. Tunauliza tu kama katika daraja hilo daladala itakuwa na njia yake, au itangoja nyuma ya gari la mtu mmoja kama inavyongoja sasa chini yake.

Unguja si mgeni wa usafiri wa umma. Mwaka 1905 reli ilianza kutoka mjini hadi Bububu, kiasi cha maili saba, ikapita katikati ya mitaa hata watu wakaweza kuigusa madirishani. Katika miaka ya 1920 ikaondolewa, kwa kuwa magari yalikuwa yamefika na wakubwa wa wakati ule walidhani reli ni kitu cha kale. Unguja pia si mgeni wa kukaa pamoja. Magorofa ya Michenzani yanasemwa kwa mengi, ngazi zake na maji yake, na sisi hatukai humo, basi tusiwafundishe wanaokaa. Lakini mtu wa Michenzani huenda Darajani kwa miguu, mtoto wake huenda shule kwa miguu, na mgonjwa wake hafiki mbali kabla ya kufika Mnazi Mmoja. Waliojenga magorofa yale baada ya Mapinduzi hawakuwa na fedha kutushinda. Walikuwa na uamuzi.

Na Mji Mkongwe, ambao leo wageni hulipa kuutazama, ni mji uliojengwa kabla ya gari na kwa sababu hiyo gari haliingii katika vichochoro vyake. Hatujasikia mgeni akilalamika.

Ombi letu kwa wakuu wa Visiwani ni la wakati. Leo bado inawezekana kuchukua kalamu na kutenga upana wa njia ya mabasi kutoka Mwanakwerekwe, Bububu na Uwanja wa Ndege hadi mjini, kabla ya ukuta wa kwanza wa duka haujajengwa juu ya upana huo. Baada ya miaka kumi kalamu haitatosha. Itatakiwa alama nyekundu ya X juu ya nyumba za watu, kama ile waliyoiona wa Kimara. Kiwanja kisigawiwe mahali ambapo hapana njia ya basi iliyopangwa, na tajiri anayetaka kujenga nyumba mia mbili Tunguu aulizwe watu wake watakwenda vipi kazini kabla hajaulizwa rangi ya mapaa. Daladala zilizopo zisifukuzwe. Wenye nazo wakusanywe katika vyama vya ushirika, madereva walipwe mshahara badala ya kukimbizana na hesabu, ratiba iwepo, na Serikali ilipe tofauti pale ambapo nauli ya mwanafunzi haitoshi. Jambo hilo litagharimu. Barabara nazo hugharimu, na hatujapata kusikia barabara ikitakiwa itoe faida.

Kwa wakuu wa Bara tuna neno fupi zaidi, kwa kuwa wanayajua yote tuliyoyasema. Ujenzi wa njia za Gongo la Mboto na Tegeta umefuata baada ya Mbagala. Mabasi yake yaagizwe kabla ya zege kukauka. Karakana isijengwe bondeni. Treni ya mjini, iliyoanza mwezi Oktoba 2012 katika reli zilizokuwapo tayari za TRL na TAZARA na kuwaokoa watu wa Ubungo na Mwakanga kwa gharama ndogo, ipewe mabehewa zaidi badala ya kuachwa kama jambo la kando, maana reli ya Pugu inapita katikati ya watu wengi kuliko barabara nyingi tunazozipanua. Na njia za waenda kwa miguu zisiwe maegesho.

Tena tuna pendekezo ambalo twajua halitapendwa. Wanaopanga usafiri wa mji huu huupita mji huu ndani ya mashangingi yenye vioo vyeusi, mengine yakiwa na pikipiki ya polisi mbele ya kuwafungulia njia. Hatuwatuhumu kwa ubaya; mtu hawezi kujua kiatu kinambana mwenzake wapi. Tunapendekeza kila mkurugenzi, kila mhandisi mkuu na kila mjumbe wa bodi anayehusika na jambo hili apande basi au daladala kwenda kazini na kurudi kwa mwezi mmoja katika mwaka, bila ya kutangaza na bila ya mpiga picha. Waanze na Mbezi Luis hadi Tuangoma, jioni ya Ijumaa.

Bibi yetu alikaa kwa mwanawe siku nane. Basi la kurudi lilikuwa liondoke Mbezi saa kumi na mbili asubuhi, na kwa kuwa hapakuwa na gari la abiria ambalo lingemfikisha kwa wakati huo kwa uhakika, mwanawe alikodi teksi, wakaondoka Tuangoma saa tisa usiku. Nauli ya teksi hiyo ilikaribia ile iliyomrudisha Nyololo.